Manung'uniko ya ardhi, matuta na ng'ombe yaligeukaje kuwa dai la uhuru wa Tanganyika?

Mwalimu_KidatoCha3

Salaam wanajukwaa. Vitabu vingi vya shule vinapofika kwenye harakati za uhuru vinaorodhesha malalamiko: kodi ya kichwa, ardhi ya Wameru, matuta ya Uluguru, kupunguza mifugo Usukumani, mizani ya wanunuzi wa pamba. Mstari unaofuata ni TANU kuzaliwa tarehe 7 Julai 1954, na kurasa mbili mbele bendera ya Mwingereza inateremshwa usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961. Namna tulivyotoka kwenye malalamiko hadi kwenye uhuru haielezwi, na wanafunzi wanaliuliza hilo kila mwaka.

Malalamiko hayakuanza miaka ya 1950. Mwaka 1905 watu wa Nandete kwenye vilima vya Umatumbi waling'oa pamba ya Mjerumani na Maji Maji ikaanza. Mwaka 1945 Wapare waligomea kodi iliyoitwa mbiru, wakajazana Same kwa maelfu. Kwa nini haya yaliishia yalikoishia, lakini ya Meru, Uluguru na Usukuma yakaingia kwenye dai la kujitawala? Naomba mwenye kujua hatua zenyewe azieleze. Tafadhali tusirudie ule ubishi wa nani alianzisha TANU, una uzi wake.

NyarakaZaBoma

Mwalimu, ukitaka kulielewa jambo hili uliza kila lalamiko swali moja: nani alikuwa na uwezo wa kulimaliza? Kama ni jumbe, lilimalizwa na jumbe. Kama ni DC, yaani mkuu wa wilaya wa Kiingereza, au Gavana, wenyeji walimkalia Gavana mpaka akachoka. Dai la uhuru lilianza pale watu walipofika mwisho wa ngazi na kukuta aliye juu kabisa ndiye mkosaji.

Anza na hiyo mbiru. Kabla yake kila mwanamume mzima Upare alilipa kiwango kimoja. Mbiru ilileta kodi ya kupanda kwa kipimo cha mali: ng'ombe, mbuzi, shamba la kahawa, migomba, nyumba. Waliotumwa kukadiria walikuwa watu wa mfumwa, mtawala wa jadi wa Wapare, yaani ndugu na majirani wa wakadiriwa. Hapo ndipo palipooza. Mali za watu zilihesabiwa hadharani na watu wenye visa nao, na hapakuwa na daftari ambalo mlipa kodi angeweza kulipinga. Wapare hawakukataa kulipa. Walisema wazi kwamba fedha ya kodi ya zamani iko tayari, ipokelewe, bali mbiru iondoke. Waliandika kwa Gavana, wakaandika hadi Uingereza, na wanawake nao wakaandamana. Mwishowe serikali ikaifuta, watu wakarudi milimani. Lalamiko lilikuwa na jibu ndani ya mfumo, na jibu likapatikana. Wala halikuvuka mipaka ya Upare, kwa sababu wilaya nyingine hazikuwa na mbiru.

Ardhi ya Ngarenanyuki, huko kwa Wameru, ilikuwa jambo la namna nyingine kabisa, na kuielewa lazima uanze na sheria. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 ilitangaza kuwa ardhi yote ya Tanganyika, isipokuwa ile iliyokuwa na hati za tangu Mjerumani, ni ardhi ya umma chini ya mamlaka ya Gavana. Marekebisho ya 1928 yalikubali kwamba mwenyeji anayekaa kwa mila ana haki ya kukaa, ila hakuwa na karatasi ya kuithibitisha. Baada ya vita vya pili Jaji Mark Wilson alipewa kazi ya kuchunguza ardhi za Arusha na Moshi, akapendekeza ardhi ipangwe upya ili mashamba ya walowezi yawe eneo moja lisilokatika kati ya Kilimanjaro na Meru. Waliokuwa ndani ya eneo hilo waondoke.

Novemba 1951 wakaondolewa, watu wapatao 3,000. Nyumba zilichomwa moto, mifugo ikaswagwa kwenda King'ori, ardhi ya chini na ya joto kuliko waliyoizoea, na ng'ombe wengi walikufa. Mashamba yakapewa walowezi 13.

Sasa fuata ngazi. Mfumwa, au kwa Wameru mangi, hana uwezo. DC anatekeleza amri. Gavana ndiye aliyeidhinisha. Mahakama hazikuwa na pa kushika, kwa sababu sheria ya ardhi ilimpa Gavana uwezo huo. Ukipanda juu zaidi unafika London, nako kumeshakubali. Katika koloni la kawaida hadithi ingeishia hapo. Lakini Tanganyika haikuwa koloni la kawaida: tangu 1946 ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, na Mkataba wa Umoja huo, kifungu cha 76, unataja kujitawala au uhuru kuwa shabaha ya udhamini. Kifungu cha 87 kinaruhusu mambo mawili ambayo Mkenya au mtu wa Nyasa (Malawi ya leo) hakuwa nayo: kupokea hati za malalamiko za wenyeji, na kutuma wajumbe kuikagua nchi. Wajumbe walikuja 1948, 1951, 1954, 1957 na 1960.

Hati ilikwenda hivi. Mlalamikaji aliweza kuipeleka kwa serikali ya nchi, kuituma moja kwa moja kwa Katibu Mkuu New York, au kuwakabidhi wajumbe mkononi wakifika. Uingereza ilitakiwa kuandika majibu yake. Kisha Baraza la Udhamini lilisoma pande zote mbili, na mlalamikaji aliweza kuomba asikilizwe kwa mdomo. Wameru walichangishana fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akaenda New York pamoja na wakili Earle Seaton, mtu wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi.

Hawakurudishiwa ardhi. Baraza la Udhamini lilisikitika tu kwa namna watu walivyohamishwa. Kwenye Kamati ya Nne ya Baraza Kuu kura ziliwaegemea Wameru, lakini azimio lilipofika mbele ya Baraza Kuu lenyewe likakosa theluthi mbili. Kwa hesabu ya kisheria walishindwa. Kisiasa ndipo kila kitu kilipobadilika: mkulima wa Meru alikuwa amekaa chumba kimoja na mjumbe wa Uingereza, na huyo mjumbe akalazimika kujieleza. Kirilo aliporudi alizunguka nchi akisimulia kesi hiyo. Msikilizaji wa Mwanza au Morogoro asiyewahi kuiona Ngarenanyuki alijua papo hapo sheria ile ya 1923 inamhusu na yeye.

Wanafunzi wako waoneshe hilo. Wapare walitaka amri ibadilishwe. Baada ya Meru watu walianza kuuliza nani ana haki ya kutoa amri.

Matombo_Mgeta

NyarakaZaBoma ameeleza vizuri upande wa ardhi iliyochukuliwa. Ila Watanganyika wengi hawakunyang'anywa ardhi. Kilichowagusa wao ni kanuni za kilimo, na hapo ndipo TANU ilipopata wanachama vijijini. Nadhani sehemu hii inapitwa haraka mno vitabuni, ikiandikwa kana kwamba wakulima walikuwa wavivu wa kulima matuta.

Chukua Uluguru. Baada ya vita mabwana shamba waliona kwa haki kabisa kwamba udongo wa milimani unashuka mtoni. Dawa waliyoichagua ni matuta ya ngazi: unakata mteremko, unasawazisha kibaraza, unarudi juu unakata kingine, mpaka mlima unakuwa kama ngazi. Mpango ulianza kutekelezwa mwaka 1950 na kila mlipa kodi akawa na wajibu wa kufanya kazi hiyo. Asiyefanya alipigwa faini au kufungwa.

Makosa yalikuwa kwenye udongo kabla ya kuwa kwenye siasa. Sehemu kubwa ya Uluguru udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba juu. Ukikata ngazi bila kwanza kuuondoa udongo wa juu, kuuweka kando, kisha kuurudisha juu ya kibaraza, unaufukia wenye rutuba na kuufunua ule wa chini usioota kitu. Kazi ya kuondoa na kurudisha inaongeza jasho mara mbili, na hakuna aliyeisimamia. Mkulima alivunja mgongo kutengeneza ngazi, akapanda mahindi, akavuna pungufu ya jirani aliyekaidi. Upande wa Mgeta, ambako kuna mboga za kumwagilia zenye bei mjini, ngazi zilikuwa na maana na zingine zipo. Amri ikawa moja kwa mlima mzima.

La pili ni umiliki. Ardhi ya Waluguru ni ya ukoo kupitia kwa mama, na wengi walilima vipande vya kuazima kutoka ukoo mwingine. Mtu akikata matuta ya kudumu kwenye kipande cha kuazima, mwenye ardhi anaingiwa na hofu kwamba kesho atadai ni chake. Naye mwazimaji anaona anatengeneza mali ya mwingine. Kwa hiyo pande zote mbili zilikuwa na sababu ya kukataa, na hakuna bwana shamba aliyeiweka hiyo kwenye mpango.

La tatu ndilo lililozaa siasa. Kisheria amri hizi hazikutolewa na DC. Zilitolewa na watawala wa jadi chini ya Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya 1926. Serikali ilimwandikia mtemi au sultani kanuni, yeye akaweka muhuri, baraza lake likatoza faini. Waingereza waliona ni utawala kupitia mila. Kwa mkulima maana yake ilikuwa kwamba mzee aliyetakiwa kumsemea ndiye anayemfunga. Akishapoteza msemaji huyo, atamtafuta mwingine, na mwingine aliyekuwepo alikuwa na kadi ya TANU.

Julai 1955 mkutano wa Matombo uliharibika, mawe yakarushwa, polisi wakafyatua risasi na mtu mmoja akafa. Mpango wa matuta ukafa naye. Na hapa mwalimu usiseme TANU iliwachochea Waluguru. Hasira ilikuwa imeiva kabla. TANU iliwapa mahali pa kuipeleka.

Usukumani mambo yalikuwa hayo hayo, kwa eneo kubwa zaidi. Mpango wa Maendeleo ya Usukuma ulianza 1947. Ndani yake mlikuwa na kulima kwa matuta yaliyofungwa ili maji yasikimbie, kuhesabu ng'ombe, kuwapunguza kila mwaka, kodi ya mifugo, ruhusa ya kuhama kutoka eneo moja kwenda jingine. Baadhi ya hayo ni kilimo kizuri. Wasukuma wengine walikuwa wakilima matuta tangu zamani. Kilichoharibu ni kupunguza ng'ombe kwa nguvu. Ng'ombe kwa Msukuma ni akiba, ni mahari, ni bima ya mwaka wa njaa. Ukimwambia auze kila mwaka, auze wakati wote wanauza, kwa bei ya mnunuzi, umemwambia atoe akiba yake siku bei iko chini kabisa.

Mwalimu_KidatoCha3

Nashukuru sana, NyarakaZaBoma na Matombo_Mgeta. Hiyo ya watawala wa jadi kuweka muhuri sikuwahi kuiona ikielezwa hivyo. Sasa swali linaloniumiza: nimesoma kwamba TANU ilinyimwa kibali Usukumani kuanzia mwisho wa 1954 hadi 1958. Yaani miaka minne, kwenye jimbo lenye watu wengi na hasira nyingi, chama hakiruhusiwi. Malalamiko yalibebwa na nini?

BintiWaUshirika

Yalibebwa na mizani, mwalimu.

Hadi karibu na 1950 pamba ya Kanda ya Ziwa ilinunuliwa na mawakala wa wenye vinu vya kuchambulia. Mkulima alifika na mzigo wake kwenye kituo cha kununulia, wakala akapima kwa mizani yake, akasoma mwenyewe, akaandika mwenyewe. Njia za kuiba zilijulikana: mizani iliyolegezwa, kupunguza uzito kwa kisingizio cha unyevu au uchafu, kushusha pamba safi kwenye daraja la chafu. Wakulima hawakuanza na chama cha siasa. Walianza kwa kuchagua wapimaji wao, wenye mizani yao, waliosimama karibu na kituo na kupima mzigo kabla haujafika kwa wakala. Mkulima akiingia alikuwa anajua ana ratili ngapi. Mpimaji alilipwa kidogo na wakulima wenyewe.

Fikiria kilichojengeka hapo. Mpimaji lazima ajue kusoma na kuandika, aaminiwe na watu, awe na daftari la majina. Kutoka kwa wapimaji vikaja vyama vya msingi, kutoka vyama vya msingi ukaja muungano wa vyama vya ushirika wa Victoria mwaka 1955, chini ya Paul Bomani, na mwishoni mwa muongo huo ulikuwa mmoja wa vyama vya ushirika vikubwa kabisa barani Afrika. Serikali iliupenda ushirika na kuuandikisha kwa moyo mmoja, kwa sababu uliongeza pamba. Wakati huo huo ikaifungia TANU. Lakini watu ni wale wale. Katibu wa chama cha msingi mchana alikuwa anapima pamba, jioni anaeleza habari za Dar es Salaam.

Njia yenyewe ya kufungia inafaa kufundishwa. Sheria ya Vyama ya 1954 ilitaka kila tawi liandikishwe peke yake. Kibali cha makao makuu hakikulinda tawi. Msajili aliweza kukataa tawi la wilaya fulani na kuacha la jirani, bila kukipiga marufuku chama kizima, jambo ambalo lingezua maswali New York. Tawi lisilo na kibali likikusanya ada tu limevunja sheria, na viongozi wake wanashtakiwa. TANU ikajifunza: majina ya wanachama na hesabu za fedha ziwe safi, mkutano uombewe kibali mapema, msemaji asimtukane DC. Matawi mengi yaliyonyimwa kibali yaliponzwa na kiongozi aliyetoroka na ada au aliyehutubia kwa matusi.

Kabla yake, mwaka 1953, serikali ilikuwa imetoa waraka wa kuwazuia watumishi wake kujiingiza kwenye vyama vya siasa. TAA, chama kilichotangulia TANU, tangu 1929 ilikuwa imeshikwa na makarani, walimu na matabibu, kwa hiyo waraka ule ulilenga kuikata kichwa. Ukafanya kinyume. Nafasi zilizoachwa na makarani zilichukuliwa na wafanyabiashara wadogo, madereva, watu wa ushirika na wa vyama vya wafanyakazi, ambao serikali haikuwa na barua ya kuwahamisha. Karani wa bomani angehamishiwa wilaya ya mbali kwa kalamu moja. Mwenye duka la Kariakoo ungemhamishaje?

Na wanawake wasisahauliwe. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed alipopewa kazi ya kuunda upande wa wanawake Dar es Salaam, hakwenda nyumba kwa nyumba. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, vya lelemama na vinginevyo, ambavyo tayari vilikuwa na wenyekiti, watunza fedha, sare, mchango wa harusi na msiba. Kiongozi mmoja akikubali, kikundi kizima kinakuja. Vikundi hivyo havikuwa vya kabila moja na vilizungumza Kiswahili, ndiyo maana habari ilienda haraka namna ile. Kwa miezi michache tu waliandikishwa maelfu. Mwanamke asiyekuwa na ajira ya serikali hakuwa na kazi ya kufukuzwa, na wengi walikuwa na fedha yao ya maandazi na pombe.

Kura_Tatu_1958

Naheshimu yote yaliyosemwa, ila nina tofauti moja na ndugu zangu. Malalamiko na mtandao wa kuyabeba vilikuwepo hata Kenya, hata Nyasa, na kule damu ilimwagika kwanza. Kilichofanya Tanganyika ifike 1961 ni jinsi Uingereza ilivyojifunga yenyewe kwa katiba ya mafungu matatu, na jinsi TANU ilivyokataa kususia.

Gavana Twining alitaka serikali ya mataifa matatu kwa usawa. Kuanzia 1955 Baraza la Kutunga Sheria lilikuwa na wajumbe 30 wasio wa serikali: Wazungu 10, Waasia 10, Waafrika 10. Wazungu nchini walikuwa kama 20,000, Waafrika zaidi ya milioni 8. Hesabu hiyo ilifanya kazi ambayo mhubiri yeyote wa TANU asingeiweza. Hadi hapo Mluguru alilalamikia matuta, Mmeru ardhi, Msukuma ng'ombe. Kumi-kumi-kumi lilikuwa lalamiko la kila mtu kwa siku moja, na halikuhitaji kuelezwa mara mbili.

Hii inaeleza pia kwa nini Nyerere alipofika mbele ya Baraza la Udhamini tarehe 7 Machi 1955 hakudai uhuru wa kesho. Alitaka Uingereza itamke kwamba Tanganyika ni nchi ya Waafrika hasa, itakayotawaliwa kidemokrasia. Wajumbe wa 1954 walikuwa wametaja miaka 20 hadi 25. Uingereza ilikataa kuweka muda wowote, na kwa kukataa ikaufanya muda ndio mjadala.

Sasa uchaguzi wa 1958. Sharti la kupiga kura lilikuwa kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au kushika cheo kinachotambuliwa. Pauni moja ilikuwa shilingi 20, kwa hiyo ni shilingi 3,000, yaani 250 kwa mwezi, mara kadhaa ya alichopata kibarua. Kisha karatasi yenyewe: kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mzungu mmoja, Mwasia mmoja na Mwafrika mmoja. Ukiacha safu moja wazi, karatasi yako imeharibika.

Wengi ndani ya TANU walitaka kususia, na si kwa ujinga. Kushiriki kulionekana kuukubali ubaguzi. Mkutano wa Tabora wa Januari 1958 ulikuwa mgumu, na baada yake Zuberi Mtemvu akatoka kuanzisha chama chake cha Kongresi. Hoja iliyoshinda ilikuwa ya hesabu. Kama TANU ikisusia, viti vyote 30 vinakwenda kwa UTP, chama kilichoundwa 1956 kwa baraka za serikali, na hicho ndicho kitakachozungumza na Uingereza kwa miaka minne ijayo. Kama ikiingia, basi ile lazima ya kupiga kura tatu inageuka. Mwafrika mwenye sifa analazimishwa kuchagua Mzungu na Mwasia? Vema, TANU itamwambia ni yupi. Wapiga kura Waafrika walikuwa wengi kwenye majimbo mengi, kwa hiyo TANU ingechagua wajumbe wa safu zote tatu. Ndivyo ilivyokuwa. Awamu ya kwanza Septemba 1958, ya pili Februari 1959, na waliobebwa na TANU wakashinda pamoja na kina Derek Bryceson, Amir Jamal, Sophia Mustafa na Marion Chesham. UTP ikafa.

Katikati ya hayo Nyerere alishtakiwa kwa makala ya gazeti la chama iliyowasema maofisa wawili wa wilaya. Agosti 1958 akapewa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Wengine walitamani aende jela awe shujaa. Faini ikalipwa. Mwaka ule alihitajika jukwaani.

Na tarehe zifuatazo mwalimu usizichanganye. Turnbull alichukua ugavana Julai 1958 akitokea Kenya, ambako alikuwa Katibu Mkuu wa serikali wakati wa hali ya hatari ya vita vya Mau Mau. Alijua gharama ya kupigana na wananchi, na Tanganyika haikuwa na askari wala fedha za vita vile. Oktoba mwaka huo akatamka kwamba nchi ikijitawala, Waafrika ndio watakaokuwa wengi bungeni na serikalini. Mwaka huo huo Geita walikuwa wamekataa halmashauri ya mataifa mchanganyiko na kupeleka malalamiko Mwanza kwa umati, wakatawanywa kwa mabomu ya machozi. Baada yake serikali ikaachana na halmashauri hizo na kulegeza kanuni za kilimo. Uchaguzi wa Agosti 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71; kile kimoja cha Mbulu kilichukuliwa na Herman Sarwatt, naye alikuwa mwana-TANU aliyesimama peke yake. Madaraka ya ndani ni 1 Mei 1961, uhuru 9 Desemba 1961, jamhuri 9 Desemba 1962.

NyarakaZaBoma

Kura_Tatu, nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa. Nitaongeza tu kwamba hoja ya hesabu ya Tabora isingewezekana bila wale wapimaji wa BintiWaUshirika. Kumwambia mpiga kura wa kijijini amchague Mzungu fulani, naye akafanya, kunahitaji mtu anayemwamini pale kijijini.

Mwalimu_KidatoCha3

Nimepata nilichokuwa nakitafuta, ahsanteni wote. Swali la mwisho ambalo najua litaulizwa darasani: baada ya uhuru hayo malalamiko yenyewe yalikwenda wapi?

Matombo_Mgeta

Kila moja lilikwenda njia yake, mwalimu. Watawala wa jadi walifutiwa mamlaka mwaka 1963, kwa hiyo ule muhuri wa kanuni ukatoka mikononi mwao. Lakini kanuni zenyewe hazikuisha. Halmashauri za wilaya zilianza mapema miaka ya 1960 kutunga sheria ndogo za ekari za lazima za pamba au za chakula cha akiba, na faini zake. Kodi ya kichwa ilibadilika majina zaidi ya mara moja, ya mwisho ikiwa kodi ya maendeleo iliyofutwa 2003.

NyarakaZaBoma

Na ardhi: umiliki wa kudumu wa hati za Mjerumani ulifutwa 1963 ukageuzwa kuwa wa kupanga kwa serikali. Msingi wa 1923, kwamba ardhi yote ni ya umma, ulibaki. Alipokuwa Gavana akawekwa Rais, na Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema hivyo hadi leo, ila inamtaja Rais kuwa mdhamini kwa niaba ya wananchi wote, na haki ya mila inalingana kwa nguvu na haki ya hati. Mwaka 1951 Wameru wa Ngarenanyuki walikosa kipengele hicho cha mwisho.